Mwizi au mjinga: mafuta ya kamioneti ya Mama Feza

Kalemie, Jumapili jioni. Mvua imenyesha asubuhi, kisha jua likatoka na ziwa likatulia. Leo ninaringa kidogo, na sioni haya kuandika hivyo.

Tangu Alhamisi nimekuwa mwizi. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, maana Mama Feza, mwenye kamioneti ninayoendesha, ni mtu wa heshima. Lakini kila asubuhi mafuta ya motere, yale ya kulainisha injini, yalikuwa yamepungua, kila asubuhi niliongeza, na mafuta hayo hapa mjini yanatafutwa kama dawa. Alhamisi alasiri tukaipeleka kwa fundi. Nilimwambia kwamba asubuhi inatoa moshi wa buluu. Akaiwasha, moshi hakuna. Akakagua chini na juu, haivuji popote. Mama Feza akanigeukia mbele ya majirani, akauliza taratibu:

“Papa Kalume, kama motere haiko na kosa, mafuta inaendaka wapi?”

Nikainama tena chini ya motere kutafuta hata tone, na majirani walikuwa wamekwisha kunihukumu. Hata mke wangu, tulipokuwa tunakula, aliniuliza kama kuna kitu namficha. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ijumaa nilienda Niemba kuchukua mihogo. Mvua ikaharibu barabara, nikalala huko, gari nimeliacha kwenye uwanja wa shule, tambarare kabisa. Jana asubuhi nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta.

Yamejaa.

Nikakifuta, nikapima tena. Yamejaa hadi alama ya juu, wala sikuwa nimeongeza tone. Watu waliokuwa wakienda kwenye Salongo, ile kazi ya usafi ya Jumamosi, wakanisukuma mpaka motere ikawaka, maana demareri yetu, ile ya kuwashia, ilikufa zamani na mpya haipatikani. Nikiwa bado nasukumwa, akili ikaniingia. Kwa nini Niemba nasukumwa, na Kalemie sisukumwi?

Kwa sababu Kalemie nalilaza gari kwenye mteremko, pua chini, kama madereva wote wasio na demareri. Asubuhi unaachia breki, linateremka, linawaka. Na mafuta nilikuwa nayapima palepale, kabla ya kuteremka! Gari likiinama, mafuta yote hukimbilia mbele, na kijiti kiko nyuma, kwa hiyo kinaonyesha pungufu. Basi naongeza. Motere inazidiwa, inayatapika kwenye bomba lake la kupumulia, inayavuta tena na kuyachoma, ndio ule moshi wa buluu. Ikifika alasiri yaliyozidi yamekwisha, na moshi umekwisha. Kesho yake napima tena mteremkoni, naongeza tena.

Motere ni nzima. Aliyekuwa akiyamaliza mafuta ni mimi, kwa mikono yangu, kwa kujali kwangu kote.

Niseme ukweli: njia nzima ya kurudi niliwaza kunyamaza. Ningeanza kupima mahali palipo sawa, mafuta yangeacha kupungua, na mambo yangeishia hapo. Lakini watu wangesema nini? Wangesema mwizi ameshtuka, ameacha. Ningebaki mwizi aliyetubu, maisha yangu yote. Ilinibidi nichague, mwizi au mjinga.

Leo baada ya misa nikawaita Mama Feza, fundi, na majirani wale wale wa Alhamisi. Nikachomoa kijiti mteremkoni, wakaona pungufu. Tukaliteremsha gari hadi mbele ya kanisa ambapo pako sawa, tukangoja mafuta yatulie, kisha nikamwambia Mama achomoe mwenyewe. Yeye ni muuza dagaa, hakubali kipimo cha mara moja. Akakitazama, akakifuta kwa pembe ya kitenge chake, akakitumbukiza tena, akakitazama tena. Fundi alikuwa anakuna kichwa. Nadhani na yeye hupima mteremkoni.

“Kumbe njo weye ulikuwa unazamisha motere na mafuta,” Mama akasema.

“Ndiyo, Mama, njo mimi. Lakini sikuuzishaka hata tone.”

Kisha akawageukia majirani, kwa sauti ile anayoitia dagaa wake sokoni: “Mumesikia? Papa Kalume haiko mwizi. Mi njo nilimufikiria mubaya.”

Nilisimama wima. Hakuna aliyenifundisha jambo hili. Nimeliona mwenyewe, nimelithibitisha mwenyewe, na nimelisema mbele ya watu ingawa linanifanya kichekesho.

Kesho sokoni watapata la kusema: shofere mzima, mvi kichwani, hajui kupima mafuta. Acha wacheke. Mke wangu ameanza leo, amecheka hadi akaketi chini, akifuta machozi na kuniita kwa jina langu, kama zamani. Tangu Alhamisi nilikuwa sijamsikia akicheka.