Pijo ya Baba Imewaka, Muthomi

Kwako kaka Muthomi, huko Ishiara kwenye joto na ndengu,

Hujambo? Mimi sijatulia. Barua hii nimeianza mara nne, na kila nikifika mstari wa tatu natoka nje kuangalia kama petroli inavuja. Haivuji. Narudi, nakaa, nasimama tena. Mama amesema nikiinuka mara nyingine atanifunga kwenye kiti kama mbuzi wa sokoni.

Simu zangu huzishiki. Ya Mama unashika, unamuuliza hali ya goti, unamuuliza kama ng'ombe amezaa, halafu akisema tu, "Kananu yuko hapa karibu," mtandao unakatika. Ajabu ya mtandao wa Ishiara! Ndiyo maana naandika, tena waziwazi, asome anayetaka kusoma. Sababu utaiona kabla sijamaliza.

Pijo ya Baba imewaka. Ile pikapu iliyobeba miraa ya Kangeta tangu hatujazaliwa, ikakaa miaka mitatu nyuma ya zizi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Na aliyeifufua ni mimi, dada yako, karani wa ofisi ya ardhi, ambaye hata mnyororo wa baiskeli ulikuwa ukinirudishia wewe.

Ilianza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mizani yake, akaigonga bodi kwa kidole akitikisa kichwa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hii ndiyo ilimleta Muthomi kutoka hospitali, amefungwa blanketi," akamwambia. "Haipandi mizani." Mtu wa watu akaondoka. Jioni hiyo Mama akaniambia anataka kwenda kukuona, na atakwenda na Pijo. Nikamwambia matatu zipo, asubuhi anatoka, saa saba yuko kwako. Wapi! Unamjua Mama. Akishasema amesema, hata askofu hamgeuzi.

Basi nikanunua spana na ovaroli ya buluu, nikaanza. Kila Jumamosi nilitega simu juu ya debe, nikamtazama mzungu mmoja akifungua injini kama yetu, nami nikafungua anachofungua. Kufungua si kazi, kaka. Kazi ni pale unaporudisha kila kitu halafu unabaki na bolti tatu mkononi. Nyaya za plagi nilizichanganya, injini ikalipuka puu! na jogoo wa Mama akahamia kwa jirani siku mbili. Kila sehemu niliyoitoa niliifunga kwa majani ya mgomba, kitita kwa kitita, kama Baba alivyotufundisha kufunga miraa. Nilijiona mjanja kweli. Fundi Kinoti, yule mzee ninayemwita nikikwama, alipofungua kitita kimoja akashika kiuno.

"Madam, majani yanashika maji. Miraa inataka maji. Bolti inataka maji kweli?"

Zilikuwa zimeota kutu zote. Nilizisugua kwa brashi ya waya Jumamosi mbili nzima, nikijitukana.

Nilipokuwa nikisugua nilikukumbuka sana. Unakumbuka staata, kile kifaa cha kuwashia injini, ilivyokufa tukiwa shule ya msingi, Baba akakataa kuibadilisha? "Mungu ametupa milima," alisema, "mimi ninunue staata ya nini?" Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ikawa moja: Pijo haizimwi tambarare. Baba alijua kila mteremko wa Igembe, wa posho mill, wa kanisa, wa shule. Akikosa mteremko, ni mimi na wewe, wewe kulia mimi kushoto, miguu peku, yeye ndani akipiga kelele, "Sukumeni! Mnasukuma ama mnaipapasa?" Ikishika hakuwa anasimama, kwa sababu alijua itazima tena. Ilikuwa ni kukimbia na kuruka nyuma juu ya magunia. Wewe uliruka kwanza kila mara, kisha ukanivuta kwa sweta. Sweta zangu zote zilikuwa na shingo ndefu upande mmoja. Hukuniacha barabarani hata siku moja.

Na mimi nikakuacha.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ile Jumapili uliendesha wewe. Mteremko wa kanisa ulijaa magari ya wageni wa harambee, ukaizima uwanjani, tambarare. Ibada haijaisha Baba akashika kifua. Tulimbeba hadi kwenye gari, wanaume kumi wakasukuma, ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Wakasukuma tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Mpaka gari la jirani lipatikane, lipinde, lipite katikati ya watu, Baba alikuwa ameshatuacha.

Halafu siku ya mazishi, kaburi bado bichi, mbele ya wazee, mbele ya padri, mbele ya Mama, nikasimama nikasema, "Muthomi angeegesha kwenye mteremko, Baba angekuwa hai." Uliweka jembe chini, ukachukua koti, ukaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Najua wengine waliitikia kwa vichwa. Hilo neno limekaa kijijini miaka mitatu, na ni mimi niliyelipanda.

Mwezi uliopita injini ilikuwa imekamilika, na bado ilikuwa inakohoa mara mbili na kunyamaza. Kikohozi kile kile, Muthomi. Nikamwita Kinoti. Akafungua bomba la petroli linalotoka kwenye tangi, akapuliza, halikupitisha kitu. Akaingiza waya, akavuta polepole, kikatoka kitu cheusi, kirefu, kama mkia wa panya. Akakisugua kwa vidole.

"Hii ni kamba ya mgomba," akasema. "Nani aliweka mgomba kwenye tangi?"

Nikakaa chini kwenye mchanga na ovaroli yangu.

Unakumbuka kifuniko cha tangi kilipotea wiki ile aliyofariki Baba? Baba aliniambia nitafute kingine. Nikasema Jumatatu. Nikakunja majani makavu ya mgomba, nikayafunga kwa kamba yake, nikaziba. Baba akacheka, "Umefunga kama giza ya kupeleka Nairobi." Giza, miraa ya bei! Nilivimba kichwa kwa sifa. Lakini hili hakuna aliyelijua: Jumapili ile asubuhi, kabla hujaja kuchukua ufunguo, mimi ndiye niliyeongeza petroli. Nilipochomoa kizibo kilikatika, nusu ikaanguka ndani. Niliisikia. Nikaangalia huku na huku, nikatengeneza kizibo kingine, nikaenda kuvaa nguo za kanisani. Nilijiambia petroli itaiozesha.

Nilimuuliza Kinoti swali moja tu. Kama gari lingekuwa kwenye mteremko? Akanitazama, hakujua ninauliza nini. "Madam, hii gari haikukataa kuwaka. Ilinyimwa mafuta. Hata ungeiweka juu kabisa ya milima ya Nyambene, ingefika chini ikiwa imezima."

Kwa hivyo si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja. Uliegesha palipokuwa na nafasi, na mimi nilinyamaza pasipostahili kunyamazwa. Sisemi nilijua siku ya mazishi. Nilikuwa nimesahau kizibo kabisa, ama nilijisahaulisha, sijui, na hilo ndilo linaloniinua kitini. Ninajua tu kwamba nilitafuta wa kubeba, nikakuona wewe, kwa sababu wewe ndiye umenibeba siku zote.

Nisamehe, Muthomi. Nilikushtaki mbele ya watu, siwezi kukuomba msamaha kichinichini. Jumapili iliyopita nilimwomba padri dakika mbili. Nikasimama mbele na ile kamba ya mgomba mkononi, nikasema yote. Walioitikia kwa vichwa siku ile walikuwepo. Mzee mmoja alilia. Mficha uchi hazai, lakini haki ya Mungu, kuuonyesha nako si mchezo.

Mama nilimwambia kwanza, kabla ya kanisa. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, nami nimesimama tu, natamani hata anipige. Kisha akasema, "Sasa haya umwambie mwenyewe. Mimi nilipotelewa na mwana, si gari." Akaenda kulala mchana kweupe. Siku mbili hakuniita jina. Ya tatu akaniuliza kama breki zinashika.

Zinashika. Nimejaribu mpaka soko la Gakoromone na kurudi mara tatu, wauza ndizi wakinishangilia kama bibi harusi. Jumamosi tunakuja. Mama ameshakunja leso zake na kuku wawili wamefungwa miguu tangu leo, ingawa ni Jumatano. Tutateremka kupitia Nkubu na Chuka, tuje huko kwenu polepole.

Sidai kwamba nimekuwa fundi kamili. Taa moja inaangalia miti. Na staata sijaweka. Kinoti alitaka kuweka nyingine nikakataa, akadhani nina wazimu wa Baba. Nimeuliza watu wanaokujua, wamesema boma lako ni tambarare tupu, hakuna kilima hata cha kuku kuteremka.

Unaweza kukataa kunisalimia, na nitaelewa. Lakini nikifika mlangoni kwako, Muthomi, nitaizima.

Mimi dada yako, wa upande wa kushoto,
Kananu