Kofia ya Kondo, Kigari cha Bibi

Kings Heath, 3 Februari 2006

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi hii ya ughaibuni. Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Tangu Bibi afariki hujamtaja hata jina, na kigari chake cha sokoni bado kimeziba mlango wako, kila anayeingia anajikwaa. Njoo Alhamisi kwenye kikundi nilichoanzisha cha wafiwa. Tunakaa tu, anayetaka anazungumza. Yupo Bi Rehana, Mzaramo wa Kisarawe, kafiwa na mumewe, Kondo. Mwaka mzima anakuja, anapakata kofia ya marehemu, hasemi neno. Nimeishiwa mbinu, Babu.

Mjukuu wako,
Mwatima

Sparkbrook, 8 Februari

Mke wangu Mwatima,

Marahaba. Mgongo upo, uko nyuma kama kawaida. Watu wazima mnakaa duara, boksi la tishu katikati kama sinia la pilau, mnatazamana? Mimi sina msiba, nina njaa. Kigari kiache.

Lakini umesema Mzaramo? Huyo Kondo alipozikwa, alikuwepo mtani hata mmoja? Mnyamwezi mwenzetu yeyote? Au usijibu, nitapanda basi nijionee.

Mumeo,
Babu Makungu

Kings Heath, 17 Februari

Babu,

Shikamoo. Afya yako siulizi, jana niliiona. Mtu unaingia na matope, unamnyang'anya mjane kofia ya mumewe, unaivaa, unasema, "Kondo Mzaramo mvivu, umekufa ili ukwepe shifti ya asubuhi?" Utani wa misibani naujua kwa kusikia, lakini mimi nimesomeshwa kutogusa kidonda cha mtu. Ndiyo maana nilikutoa nje.

Nikarudi kumwomba radhi. Nilimkuta anacheka, kajishika mbavu. Halafu akalia kwa sauti, na ukumbi mzima ukalia naye. Akasema, "Tulimzika kimya kimya, hakuna hata mtani wa kumtukana. Nilikuwa naona kama hajazikwa." Akazungumza mpaka mlinzi akaja kufunga.

Kofia umeondoka nayo. Anaitaka. Nimempa anwani yako.

Mkeo, kwa leo tu,
Mwatima

Sparkbrook, 1 Machi

Mke wangu msaliti,

Salamu zako weka. Mgongo sasa unauma kweli, kwa sababu ya mbio.

Mzaramo wako kaja asubuhi. Hodi hakupiga. Kashika kigari cha bibi yako: "Hiki changu. Marehemu wenu Mnyamwezi bahili, alibishania bei ya bamia mpaka muuzaji akaugua." Huyo, kakivuta mpaka madukani Ladypool Road, mimi nyuma na ndala, namtukana yeye na Uzaramo wote. Tulipofika kwenye duka lenyewe la bamia pumzi ikaniishia. Nikakaa juu ya kreti tupu nikalia, Mwatima. Nikamwita bibi yako Nyamizi, jina lake la kwao, mbele za watu na vikapu vyao. Mwenye duka akaniletea chai, akasema na yeye alikuwa akimngoja marehemu arudi wabishane.

Bi Rehana hakunibembeleza. Kasimama pembeni mpaka nikamaliza, kisha akanyoosha mkono: "Haya, kofia." Nikaivua kichwani nikampa.

Habari ya kigari na bamia kaipata kwako, usikatae.

Alhamisi niwekee kiti, karibu na huyo mchokozi, sijamaliza naye. Na mwambie kigari asikirudishe. Mlango sasa unafunguka wote.

Mumeo,
Makungu