Siku Arobaini Bila Mgeni

Mpendwa Mama Joska, shikamoo. Nisaidie na jina langu ulifiche, maana nina miaka kumi na sita na haya yangu imeniponza. Baba alipasuliwa moyo mwezi uliopita, hospitali ikampa karatasi ya Kiingereza ya mambo ya kupunguza maumivu na uchovu pamoja na vidonge, na nyumbani kwetu msomaji wa Kiingereza ni mimi, basi nikaketishwa sebuleni niitafsiri. Nikaanza vizuri tu, akumbatie mto anapokohoa, avute pumzi polepole, akandwe miguu, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshawapigia magoti ya salamu wageni thelathini na mmoja, kila mmoja ananiuliza kifua kilifunguliwaje, na nilipofika paliposema atembee kila siku na rafiki, azungumze na watu, mdomo ukasema wenyewe, "Asitembelewe siku arobaini." Shangazi Zulaikha akayaandika kwenye kipande cha boksi, akabandika mlangoni. Nilifurahi siku tatu, Mungu anisamehe. Sasa Mzee Siraje, rafiki yake wa miaka yote, anaishia getini, anaacha ndizi, anaondoka kwa kumheshimu daktari. Baba analala mchana kutwa, anasema amechoka kuliko alipotoka hospitali. Jana namkanda miguu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo karatasi haina hata mstari mmoja unaomruhusu mtu kucheka?" Nikasema nitaangalia. Nirekebishe vipi bila yeyote kujua?

Mwenye Haya, Kasubi

Marahaba, Mwenye Haya, na pole kwa magoti. Tafsiri mbovu nimezisikia nyingi, ila yako ni ya kwanza kumtibu mtafsiri. Kapasuliwa baba, mapumziko ukajiandikia wewe.

Hiyo "bila yeyote kujua" isahau. Leo hii kaa hapo hapo miguuni kwake, msomee karatasi nzima upya, na ule mstari mwambie ulikuwa wako. Atanuna. Mtu anayenuna angalau ameamka. Vidonge asiache, na uchovu ukizidi au pumzi ikimbana, mrudisheni hospitali mara moja. Huko nako tafsiri kilichosemwa.

Daktari akikubali, kila asubuhi mshike mkono mwende taratibu kuelekea kwa Mzee Siraje, hatua chache leo, kesho mwongeze. Mtakutana na watu. Utawasalimia wote. Wageni waje kidogo kidogo, na wa kusema amechoka awe baba, si wewe.

Lile boksi libandue mwenyewe, mchana, Shangazi Zulaikha akikutazama. Akiuliza siku arobaini zimeishaje upesi hivi, piga magoti mara ya thelathini na mbili, umjibu.