Bhoke Wawili Katika Kasha Moja

Kegonga, Mei 1967

Mama Mshauri,

Kila Jumamosi gazeti likifika huku nasoma kwanza ukurasa wako, na nimezoea kutikisa kichwa juu ya matatizo ya wengine, lakini leo ni mimi ninayeomba unishike mkono, kwa sababu nimefanya kosa ambalo hakuna anayelijua isipokuwa mimi, na kila siku ninayonyamaza kosa hilo linakua.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nyumbani ni Kosele, kwa Wajaluo, na tangu Septemba ni karani wa dispensari moja karibu na hapa ambayo naomba nisiitaje. Karani niliyempokea kazi, Mzee Nicanor, aliniachia daftari kubwa ambalo ndani yake kila mgonjwa ameandikwa kama hadithi, kwa mfano "Bhoke wa Maroa, mama yake ni Helen, nyumba ya juu ya kisima, ana kovu mkononi," na mimi nilicheka sana, nikamwambia dresa wetu, Bwana Gisiri, anayefunga vidonda na kusikiliza vifua, kwamba huyu mzee alikuwa akiandika riwaya. Shuleni tulifundishwa kupanga kadi kwa jina la mtu na jina la baba kwa kufuata alfabeti, basi nikatengeneza kasha zuri la mbao lenye kadi mia nne, nikalipaka vanishi, na daftari la mzee nikalifungia stoo. Mkaguzi alipokuja alilisifu kasha langu mbele ya watu wote. Nasema haya ili ujue nilivyokuwa najivuna.

Kwetu watoto hupewa majina kwa saa waliyozaliwa au kwa mvua au njaa ya mwaka ule, halafu hubatizwa Cephas au Filister, na kadi zao hutawanyika vizuri kwenye kasha. Huku kwa Wakuria nyumba nyingi binti wa kwanza ni Bhoke, na akina baba wanaoitwa Maroa hawahesabiki, kwa hiyo nina akina Bhoke Maroa sita, jambo ambalo niliona ni dogo kwa sababu niliwajua kwa sura.

Mwezi wa tatu wawili kati yao walitoa makohozi, kila mmoja siku yake, yapimwe kifua kikuu. Mmoja ni msichana mwembamba ambaye mahari yake ilikuwa imeanza kuzungumzwa, na mwingine ni mama anayeuza ndizi sokoni, mnene, ana mtoto wa miezi saba mgongoni na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Majibu yakarudi kwa pamoja, karatasi mbili, moja safi na moja yenye ugonjwa, zote zimeandikwa Bhoke Maroa na tarehe ya makohozi. Sikuangalia tarehe. Niliona ile mbaya nikasema moyoni, hii ni ya yule mwembamba, nikaibandika kwenye kadi yake, na yule wa ndizi nikamwambia yuko salama, akanipa ndizi tatu.

Sasa ni wiki sita msichana anachomwa sindano kila siku, nyumba ya mchumba imesimamisha ng'ombe, na juzi alisema masikio yake yanavuma, nikamwambia ni kawaida ingawa sijui kama ni kawaida. Bwana Gisiri alinong'ona, "Karani, mimi nikisikiliza kifua cha huyu sisikii kitu." Nikamjibu, "Wewe una masikio, mimi nina karatasi." Wiki iliyopita nilikuwa natafuta stakabadhi ya mafuta ya taa nikafungua kitabu cha makohozi, ambamo kila mgonjwa huandikwa na umri wake, nikaona tarehe, na tarehe ya karatasi mbaya ni ile siku aliyokuja mama wa ndizi.

Tangu hapo, Mama, sijitambui. Nimejiambia labda kitabu ndicho kilichokosewa. Nimekwenda sokoni mara nne kusimama karibu na meza yake nisikilize kama anakohoa, na asipokohoa narudi nikiwa na furaha, na msichana akikohoa kwenye foleni nafurahi zaidi, kisha naona aibu kwamba nimefurahia kikohozi cha mtu. Mara ya nne mama huyo aliniuliza mbele ya wenzake, "Karani, umekuja kununua ndizi ama kunihesabu meno?" wakacheka wote, na mmoja akaongeza, "Mwache, anatafuta mke wa pili na wa kwanza hana!"

Nikisema, nitafukuzwa, na mimi ni Mjaluo peke yangu hapa, watasema nilifanya kusudi. Nimewaza ningoje mwezi wa sita, wote wawili watapimwa tena kama ilivyo kawaida hapa, na ukweli utajitokeza wenyewe bila mimi kutajwa. Au niombe uhamisho kwenda Migori. Je, nikingoja nitakuwa nimekosa?

Ni mimi,
Karani Mwenye Hofu

*

Karani,

Barua yako ilinifika Jumatatu. Kwa kuwa uliandika sanduku lako la posta nyuma ya bahasha, nilikutumia telegramu saa ileile: WAITE BHOKE WOTE WAWILI LEO. Kama ulifanya hivyo, endelea kusoma. Kama hukufanya, weka gazeti chini uende, utalimalizia baadaye.

Unauliza kama ukingoja utakuwa umekosa. Mwanangu, umekwisha kungoja. Siku uliyofungua kile kitabu kosa lilikuwa la bahati mbaya. Siku iliyofuata lilikuwa lako. Kuna mama anayempumulia mtoto wake ugonjwa, na kuna msichana anayedungwa dawa kali asiyoihitaji mpaka masikio yanavuma. Unapanga kuwaacha hivyo mpaka Juni ili jina lako lisitajwe?

Sasa nikuonee huruma kidogo, kwa sababu unastahili. Kosa la kwanza angeweza kulifanya mtu yeyote. Uliona mwembamba, ukaona mnene, na akili ikakupa jibu kabla hujauliza swali. Akili zetu zote hufanya hivyo, hata yangu mimi ninayekukaripia. Huchukua kile kinachofanana na ugonjwa na kukiita ugonjwa. Lakini unene haupimi makohozi, na kicheko hakipimi mapafu. Ndiyo maana kuna maabara, na ndiyo maana karatasi ina tarehe.

Kosa la pili ndilo linalonikasirisha. Ulipopata shaka hukutafuta ukweli, ulitafuta faraja. Akili yako ilipaswa kukaa kama hakimu, wewe ukaifanya wakili wako. Ukaenda sokoni mara nne kukusanya ushahidi wa kukutetea, na kila ukimya wa kifua cha yule mama ukauhesabu. Gisiri alipokuletea ushahidi wa upande mwingine ulimfunga mdomo kwa maneno ya kejeli. Jifunze swali hili, ulitumie mpaka utakapozeeka: kama nimekosea, ni kitu gani kingenionyesha? Ukishalijua jibu, nenda ukakitafute hicho. Wewe kilikuwa mezani kwako, na kusoma tarehe kungekuchukua dakika moja.

Na kasha. Ulilipenda kwa sababu ulilipaka vanishi kwa mkono wako na mkaguzi akalisifu, ukashindwa kuona kwamba lilitengenezewa watu wa Kosele na limewekwa Kegonga. Mzee Nicanor hakuwa akiandika riwaya. Alikuwa na akina Bhoke sita kama wewe, na kovu, kisima na jina la mama ndivyo vilivyomwezesha kuwatofautisha. Kabla ya kuondoa kitu cha mtu aliyekutangulia, muulize kwanza alikiweka kwa nini. Kama hana sababu, kiondoe. Wewe hukuuliza, ulicheka.

Kwa hiyo fanya haya. Asubuhi, kabla foleni haijaanza, mwambie mkubwa wako wa dispensari yote, ukiwa na kitabu cha makohozi na karatasi zote mbili mkononi. Usianze na sababu zako, anza na majina ya wagonjwa. Sindano za msichana zisimamishwe au ziendelee kwa amri ya daktari, si yako, na masikio yake yaangaliwe siku hiyohiyo. Mama wa ndizi na mtoto wake wapimwe. Mwombe mkubwa wako aandike barua kwa nyumba ya mchumba, na uipeleke mwenyewe pamoja na Gisiri. Useme mbele ya wazee kwamba msichana hana kosa lolote, mwenye kosa ni karani. Naye Gisiri umwombe radhi njiani.

Kisha toa daftari la mzee stoo. Kila kadi ipewe namba, na namba hiyo mgonjwa aende nayo nyumbani. Na usimuulize mtu tena, "Wewe ni Bhoke Maroa?" Wote sita watakujibu ndiyo. Muulize, "Mama yako anaitwa nani? Nyumba yenu iko wapi?" halafu unyamaze mpaka aseme mwenyewe. Kazi inayotaka karani asichoke wala asijivune hata siku moja ni kazi iliyopangwa vibaya. Ipange upya ili hata siku uliyochoka ikusahihishe.

Unaogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Unaogopa watasema Mjaluo alifanya kusudi. Huenda mmoja akasema. Lakini wakijigundulia wenyewe mwezi wa sita, watasema wote, na hutakuwa na la kuwajibu. Uhamisho wa Migori usahau. Huko pia kuna kasha, na wewe ni yuleyule.

Na mama wa ndizi, kama bado hajaja, usimtumie mtu. Nenda sokoni mara ya tano, simama mbele ya meza yake, na usimwambie "kumetokea kosa," maana makosa hayanyeshi kama mvua. Mwambie, "Bhoke, nilikosea mimi. Mchukue mtoto twende." Atakutukana, na wenzake watamsaidia. Usijitetee. Jitwike kikapu chake cha ndizi, utembee naye mpaka dispensari huku akikutukana.