Hali Yangu kwa Daktari

Jumatatu, 3 Februari 2025

Theluji tena huku ughaibuni. Kutoka kitandani hadi chooni nimepumzika mara mbili. Miguu imevimba — nikibonyeza, shimo linabaki.

Miaka yote niliwafundisha wasichana wa Tanga kwamba moyo ni pampu: vyumba vinne, vali nne. Sasa wangu umechoka. Kumbe ipo mashine, pampu ya kuusaidia! Inapachikwa moyoni, betri unazivaa kiunoni. Nimeijua leo kwa Clinton, Mzungu ninayekaa naye benchi la kliniki. Ugonjwa mmoja, daktari mmoja, umri ananizidi. Mwezi ujao anapelekwa kwa timu ya pampu. Nikamuuliza: uliomba? Akacheka: wala, wameniambia wenyewe.

Mimi sijatajiwa hata jina la mashine hiyo.

Alhamisi, 6 Februari

Binti yangu Sabika amempigia daktari. Kajibiwa kwamba mama yako kila akija husema hajambo. Halafu familia za kwenu, kwa kawaida, hazipendi mashine.

Hazipendi! Nani aliulizwa?

Sabika akaja juu, kwa Kiingereza chake: Mami, kwa nini kila siku unasema uko fine? Nikamweleza. Kwetu ukiulizwa hali, unaanza na sijambo, alhamdulillah. Maradhi yanafuata, mgeni akishakaa, akishapewa chai. Daktari huyu hakai. Macho kwenye kompyuta.

Lakini Clinton naye husema "fine". Nimemsikia. Yeye hawakumwamini, wakampima zaidi. Mimi wameniamini! Hata hasira inanichosha.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nikiwa chumbani kwa daktari. Ameingia, ameuliza hali, Sabika kanibana mkono. Nikasema: silali chali, ngazi sizipandi, na ile pampu naitaka.

Akashangaa. Mbona mara ile ulisema hujambo?

Mara ile nilikuwa nakusalimia, daktari. Leo nakujibu.

Akaiacha kompyuta. Akavuta kiti, akakaa! Akaibonyeza miguu yangu mwenyewe. Kisha, kwa sauti ya chini: figo zimeanza kulegea, huenda tumechelewa, wataamua watu wa pampu. Katoka kuwapigia.

Bado hajarudi. Mlango uko wazi. Nesi amepita na toroli lake, kachungulia: u hali gani, mama?

Sijambo, mwanangu, alhamdulillah —

Sabika amenitolea macho.