Keria ya Mume Wangu Ndiyo Inayokula Mafuta

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia mikono ikiwa na grisi, nina furaha na hofu pamoja, maana mume wangu anarudi mwisho wa mwezi na kesho yake mnunuzi anakuja kuchukua pikapu yetu, na mimi sitaki iuzwe.

Mume wangu ni fundi sofa, mimi ndiye dereva wake, nawapelekea wateja sofa kwa pikapu aliyoachiwa na baba yake, kuukuu lakini ngangari, ila inakula mafuta mpaka majirani wanatutania kuwa tunafuga mlevi, tukijaza tenki Jumatatu, Jumatano mshale umelala, basi akachoka akasema akirudi kutoka kwa dada yake anaiuza. Alipoondoka tu nikakimbilia gereji, na fundi hata boneti hakufungua, akatazama juu akaniuliza, "Mama, hili daraja unalipeleka wapi?"

Shangazi, alisema ni keria, chuma kizito cha kubebea sofa juu ya gari, ambacho mume wangu alikichomelea kwa mkono wake mwaka tuliooana, na kwa kuwa gari lilianza kuyumba akaongeza mifuko minne ya mchanga nyuma ili litulie, na mchanga huo tumezunguka nao miaka tisa! Tukashusha vyote, fundi akajaza matairi upepo, akabadilisha chujio la hewa lililojaa pamba ya sofa, akalegeza breki ya nyuma iliyokuwa inashika, akanikataza kukanyaga mafuta kama naua nyoka. Wiki hii nimepita njia zile zile, sofa zimekaa vizuri kwa kamba tu, na leo Ijumaa mshale bado umesimama, nimepiga vigelegele peke yangu barabarani! Lakini keria hiyo ndiyo fahari yake, kila mteja lazima aonyeshwe. Nafikiria kuirudisha kabla hajafika ili asiumie. Nifanyeje?

Dereva wa Sofa

Marahaba, Dereva wa Sofa, na hongera. Mchanga wa miaka tisa umeniinua kitini. Sasa keti nikuseme.

Ukirudisha chuma hicho, Jumatano mshale utalala tena, na mumeo atauza gari la baba yake akidhani injini imezeeka. Hiyo si heshima, ni kumficha. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Halafu mbona lawama zote ni za keria? Miaka tisa ulikuwa unaua nyoka kwa mguu wako mwenyewe. Anza kwa kukiri hilo, naye atasikia lake bila kununa.

Siku atakayorudi kampokee kwa pikapu hiyo hiyo na umpe ufunguo. Atauliza keria iko wapi kabla hajafunga mlango. Mwambie ukweli, usicheke, wala usimlete fundi wa gereji awe shahidi. Keria isiende kwa wauza chuma chakavu. Mwombe aisimamishe mbele ya karakana apangie fremu za sofa, wateja waione wakiingia. Mchanga mwaga. Upepo wa matairi pima kila Jumatatu, na chujio likung'ute, maana pamba kwenu haiishi.

Kuhusu mnunuzi, mwombe mumeo amsogeze wiki moja tu, na wiki hiyo aendeshe yeye. Ijumaa akiuona mshale umesimama, atampigia simu mwenyewe kumwambia haiuzwi. Asipompigia, niandikie haraka, nije kuinunua mimi.