Stesheni ya Chini ya Meza

Manyoni

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mmeamkaje huko Iguguno, na goti lako linasemaje na baridi hii? Alizeti mmeshavuna, au ndege wamewatangulia? Mwambie Mama kitenge chake nimemaliza kukishona. Mimi ni mzima, cherehani inazunguka, namshukuru Mungu.

Baba, najua jina la Isaka hutaki kulisikia. Pasaka uliniambia kwamba fundi redio mwenye ndevu zake anayechezea treni za mabati hawezi kutunza mke, nikamwambie asilete mshenga. Nilikusikia. Sasa na wewe nisikilize kidogo, maana umezeeka na kazi ya stesheni masta, na jambo hili ni la kwenu watu wa reli.

Ile reli yake ya mezani, pale bandani jirani na cherehani yangu, zamani ilikuwa inazunguka tu. Treni inapita, inapita tena, ile ile. Watu wakamtania kwamba imepotea, inatafuta stesheni ya Itigi. Isaka akasema wana haki, kwa sababu treni ya kweli ikiondoka hapa Manyoni imeondoka, huioni tena, mpaka ije nyingine. Basi akajenga stesheni ya pili chini ya meza, akaifunika kwa pazia, treni zikawa zinalala humo zikingoja zamu.

Kazi ikawa kuunganisha juu na chini. Mteremko wa kwanza aliufanya mkali mno. Treni ikashuka mbio kama mbuzi aliyenusa maji, na kupanda ikashindwa kabisa, magurudumu yanazunguka bure. Mimi ningeipiga teke meza yote! Yeye alicheka, akang'oa, akaanza upya. Sasa reli inaingia nyuma ya mawe makubwa aliyoyafinyanga kwa saruji, inaizunguka meza kwa ndani, inashuka polepole mpaka chini. Baba, yule mtu ana subira jamani. Alikuwa analala chali mle chini na bisibisi mdomoni, na redio za watu hakuzichelewesha hata moja.

Siku ya soko, watu wamejaa, akateremsha treni ya mizigo. Kule chini hakuonekani kitu, naye akasahau kwamba njia ile ile amelaza ya abiria. Puu! Zikagongana. Nilicheka mpaka nikajichoma kidole na sindano. Halafu nikamwambia mbele za watu kwamba kwa baba yangu treni haikutoka stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kuwa njia ni nyeupe, yaani haina treni. Mwingine angenuna kufundishwa na mwanamke. Isaka aliniomba nirudie, akasikiliza, akaniletea kigoda na kengele ya baiskeli. Tangu hapo stesheni masta wa chini ya meza ni mimi. Anauliza, nachungulia, nagonga kengele, ndipo anaachia treni.

Tulipojaribu tena, treni ya abiria ikapotelea nyuma ya mawe. Mara treni ya mizigo ikachomoza upande wa pili! Mama Sara muuza vitumbua akapiga vigelegele. Mzee mmoja mstaafu wa reli akauliza nani alimfundisha Isaka utaratibu ule. Akajibu ni Mzee Chediel wa Iguguno. Hajawahi hata kukutia machoni, Baba, na jina lako alilitaja kwa heshima. Mimi kule chini ya pazia machozi yalinitoka.

Sasa nikuambie ukweli. Yale maneno yako ya Pasaka sikumfikishia. Kila nikifungua mdomo naishia kumwuliza kama ameshakula. Nilimwambia bado unafikiri, naye akaamini. Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada, mjomba wake Mzee Obadia anakuja hapo nyumbani kama mshenga, hajui lolote. Mama anajua, tafadhali usimgombeze.

Nisalimie Mama, mdogo wangu Lea, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ukimkataa Isaka, ni haki yako, wewe ndiye baba. Ila mkatae kwa mdomo wako, usinitume tena. Wangu umeshindwa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Aneth